Kibanio Nilichokipima kwa Pembe

Siku ile ya chanjo naikumbuka kwa kiganja, mwanangu Shija. Kila nikinawa mikono naiona. Hapa, kuanzia chini ya kidole gumba mpaka huku kwenye kidole cha mwisho, pana alama ndefu kama njia ya siafu, na mlipokuwa wadogo mlikuwa mnaifuata kwa vidole vyenu mkiniuliza, "Bibi, nani alikuchora?" Nami nikawa nawadanganya kwamba nilizaliwa nayo. Leo nitasema kweli, kwa sababu umeniletea ile picha kwenye simu.

Picha nimeiona. Kibanio kimepakwa rangi ya bluu, mabomba yanang'aa, ng'ombe wakubwa wamepangwa ndani, na huyo muuzaji kasimama pembeni anatabasamu kama aliyeoa jana. Umeniuliza, "Bibi, ninunue?" Nimefurahi sana, kwa sababu mwingine hununua kwanza halafu huja kuniuliza baada ya kukwama. Umesema niongee tu, simu inanasa sauti. Haya, na inase, ila ukimsikia mbuzi analia ujue ni yule mbuzi wangu mkorofi, hana adabu hata kidogo.

Na ndugu zako wa mjini watakaosikiliza wasijifanye wanajua. Kibanio ni ile njia nyembamba yenye kuta mbili, ambamo ng'ombe huingizwa wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine, wasiweze kugeuka wala kurukaruka, ili wachanjwe au wavalishwe hereni za masikio bila vurugu. Kikiwa kizuri, ng'ombe mia wanapita na wewe hujatoka jasho. Kikiwa kibaya, mmoja tu anatosha kukuvunja taya.

Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, hapa hapa Choma, kwenye mbuga hii hii ya udongo mweusi. Baba yangu, Mzee Masele, alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kike watano. Wa kiume hata mmoja hakujaliwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsumbua, hawezi tena kuzunguka na mifugo, na watu walikuwa wanamwambia waziwazi amwite kaka yangu Nkwabi, mtoto wa baba mdogo, atoke kwao Lusu aje kuishika ranchi. Nkwabi alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, mcheshi. Sikuwa na ugomvi naye. Lakini ng'ombe wale nilikuwa nimewakamua, nimewauguza, nimewazalisha usiku na mchana, na kila nilipofikiria kuwa nitaolewa niondoke na mtu mwingine ashike ile fimbo ya baba, nilikuwa nalia peke yangu kule kwenye birika la maji.

Siku moja nikamwendea baba nikamwambia waziwazi. "Baba, ranchi nipe mimi."

Hakucheka. Akasema hivi, na maneno haya uyashike kwa sababu yatarudi: "Kabula, mwezi ujao bwana mifugo anakuja kuchanja. Zizi letu halina kibanio, tunakamata ng'ombe kwa kamba na miguu kama wezi. Wewe jenga kibanio. Uchague miti, uchague vipimo, usimamie kazi. Siku ya chanjo jua likizama hakuna ng'ombe aliyeumia wala mtu aliyeumia, nakupa fimbo mbele ya watu. Akiumia hata mmoja, namwita Nkwabi."

Weee! Usiku ule sikulala kwa furaha. Nilikuwa nimekwisha kuiona ile fimbo mkononi.

Sasa sikia ujinga wangu. Tulikuwa na fahali mmoja aliyetoka upande wa Kigoma, wale ng'ombe wenye pembe ndefu. Alikuja kwa behewa la treni, akapita Kaliua, akashushwa Tabora, na kutoka pale alitembezwa siku nyingi hadi kufika kwetu. Tulimwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyotembea polepole, kichwa juu, kama anasubiri apigiwe vigelegele. Pembe zake, ukisimama mbele yake ukanyoosha mikono yote miwili, hufikii ncha. Watu walikuwa wanatoka Igunga kuja kumtazama. Ng'ombe wetu wengine wote walikuwa hawa wa asili, wafupi, wembamba, wenye nundu na pembe za kawaida tu.

Mimi nikawaza, kibanio lazima Bwana Harusi apite, la sivyo nitachekwa. Nikachukua kamba, nikapima pembe zake kutoka ncha hadi ncha, nikaongeza na shubiri moja ya heshima, nikasema huu ndio upana wa kibanio changu. Aka! Yaani katika ng'ombe wote wale nilimpima mmoja, na huyo mmoja sikumpima mwili, nikampima mapambo.

Miti nilichagua vizuri, hilo sijilaumu. Lori lilileta magogo ya mkurungu kutoka upande wa Kaliua, magumu, mazito, yasiyoliwa na mchwa. Tukachimba mashimo kina cha kiuno, tukasimamisha nguzo, tukapigilia fito nene pande zote mbili. Nilishinda pale na vijana wa kazi kuanzia alfajiri. Mama alikuwa ananiletea uji, ananitazama nilivyochafuka, anatikisa kichwa, anaondoka. Kibanio kiliposimama kilikuwa kizuri! Kimenyooka, kipana kama barabara ya mkoloni. Baba mwenyewe alijikongoja akaja kukitazama, akapigapiga nguzo kwa fimbo, akasema, "Miti imekaa." Kwa baba hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima.

Kilichokosekana kilikuwa komeo la lango la nyuma, lile la kuingilia. Fundi chuma alisema ningoje siku nne. Mimi nikamwambia sina siku nne, bwana mifugo anakuja keshokutwa, na mikono ninayo. Nikafunga kamba kwenye lango, nikaizungusha kwenye nguzo, nikajiambia nitakuwa nalivuta mwenyewe kila ng'ombe wakishaingia. Unaona, mwanangu? Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. Hili la pili lilikuwa la haraka, na mimi nililijua wakati ule ule ninalifanya.

Pale kwetu alikuwapo mchungaji mmoja, Mzee Kulwa, aliyekuwa na baba tangu wote wawili vijana. Mtu mfupi, hana meno ya mbele, panga halitoki kiunoni hata akienda kanisani. Wiki zote zile tulipokuwa tunajenga alikuwa Nzega kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Alirudi asubuhi ile ile ya chanjo, vumbi bado liko miguuni. Nikamwona amesimama mdomoni mwa kibanio, ametanua mikono, anapima.

"Shikamoo Mzee Kulwa."

"Marahaba, binti yangu. Hapa ulipima nini?"

"Pembe za Bwana Harusi."

Akafungua mdomo. Mimi nikamwahi, "Mzee Kulwa, tafadhali, leo ni siku yangu. Bwana mifugo yuko njiani." Akaufunga ule mdomo. Akaenda akakaa karibu na lango la nyuma, akaliweka panga mapajani.

Watu walikuja jamani! Majirani walileta ng'ombe wao, kwa sababu chanjo ilikuwa ya wote. Kina mama wa kwaya ya Moravian walikuja na sufuria za wali, maana siku ya chanjo kwetu huwa kama sikukuu. Bwana mifugo alifika na baiskeli na kasha lake la barafu. Baba aliwekewa kiti karibu na birika, mbali kidogo na vumbi, fimbo katikati ya magoti. Mimi nimevaa kanga mbili, moja nimejifunga kiunoni, nyingine mabegani, najiona kama mkuu wa wilaya.

Tukaingiza ng'ombe wanane wa kwanza. Nikavuta lango kwa kamba. Na ili kamba isiniponyoke, nikaizungusha kwenye kiganja mara mbili. Hivi. Moja, mbili. Nikajiona hodari kweli.

Bwana mifugo akamchoma sindano wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri. Wa tatu alikuwa Sukari, mtamba wangu mpenzi ambaye alikuwa hajazaa bado, mwembamba, mwepesi. Alipochomwa tu akageuka. Nafasi si ilikuwapo? Akageuka mzima mzima, akaelekea alikotoka, akakutana uso kwa uso na wa nne. Wa nne naye akajaribu kugeuka. Wa tano akapanda mgongoni mwa wa sita. Wote wakaanza kurudi nyuma kwa kishindo, fito zinalia, vumbi linapaa, bwana mifugo karuka uzio kasha la barafu kalikumbatia kama mtoto mchanga.

Wakaligonga lango langu kwa matako, yote kwa pamoja. Lango likafunguka kwa nje, na kamba ikaondoka na mimi. Nilibururwa, mwanangu. Kamba ilikuwa inakimbia kuizunguka ile nguzo, na mkono wangu umefungwa ndani yake unaifuata nguzo, na niliuona mwenyewe, kwa macho yangu, unakwenda kusagwa. Sikupiga hata kelele. Nilichowaza, Mungu anajua, nilichowaza ni kwamba vidole hivi sitakamulia tena.

Nikasikia "ta!" Mzee Kulwa alikuwa ameikata kamba kwa panga. Nilianguka kwa makalio kwenye udongo, ng'ombe wakatoka wakapita pembeni yangu wakarudi zizini. Nikatazama kiganja. Ngozi ilikuwa haipo. Vidole vyote vitano vilikuwapo.

Na unajua nilifanya nini kabla hata ya kusema asante? Nilikificha. Niliingiza mkono kwenye kanga ya mabegani nikaukaza. Vumbi lilikuwa zito, hakuna aliyeona isipokuwa Mzee Kulwa. Maneno ya baba yalikuwa yananiimbia kichwani, akiumia hata mmoja, akiumia hata mmoja.

Mzee Kulwa aliinama, akaniambia kwa sauti ya chini, na hasira yake ilikuwa ya kweli:

"Ng'ombe anapita kwa tumbo, Kabula. Pembe atazigeuza mwenyewe, Mungu amempa shingo. Wewe umewajengea uwanja wa ngoma. Na kamba kuizungusha mkononi, nani alikufundisha? Mimi? Baba yako? Kamba inashikwa ili iachwe! Ukiifunga mkononi, si wewe tena uliyemshika ng'ombe, yeye ndiye aliyekushika." Akavuta pumzi. "Na mimi nimekosa. Niliona asubuhi nikanyamaza kwa sababu uliniomba ninyamaze. Sitanyamaza tena, hata ukiwa mkuu wa mkoa."

"Usimwambie baba," nikamwambia.

"Mimi sisemi. Mkono ni wako, na mdomo ni wako. Sasa simama, uwaambie watu wako kibanio kimeharibika."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipopatapata akili kidogo. Nilisimama nikasema mbele ya watu wote, "Jamani, kosa ni langu. Nimepima pembe badala ya ng'ombe. Hatuchanji mpaka turekebishe." Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini, na wengine wakamfuata, na hata bwana mifugo, aliyekuwa bado amekumbatia kasha lake, akacheka. Akasema barafu yake itafika jioni bila wasiwasi, tufanye hima.

Basi ile ikawa kazi ya furaha kuliko siku zote za maisha yangu. Wanaume waliingia kichakani wakarudi na fito mabegani. Mzee Kulwa alitwaa uongozi. Alizilaza zile fito ndani ya kibanio kwa kuegemeza, chini zimekaribiana, juu zimeachana, hata ukisimama mdomoni unaona umbo la mtu aliyefungua viganja viwili kupokea maji. Chini pakabaki nafasi ya miguu na tumbo la ng'ombe wetu, juu pakabaki nafasi ya pembe za bwana mkubwa. Kila ncha ya msumari aliipindisha kwa nyundo, kila kijiti kilichochomoza alikikata. Alipitisha kiganja ukutani toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Pakinikwaruza mimi, ng'ombe patamchana." Chini tukamwaga changarawe ili wasiteleze. Pembeni akaacha upenyo mdogo wa kupita mtu akiwa ubavu ubavu, akasema huo ni wa kukimbilia, usiwekwe ndoo wala mtungi hapo hata siku moja. Na langoni, kwa kuwa komeo la chuma halikuwapo, akachonga gogo likapita kwenye matundu mawili ya nguzo, unalisukuma kwa mkono mmoja, linakaa lenyewe.

Na kina mama wakaimba. Wimbo waliutunga pale pale, wakipitisha fito mkono kwa mkono:

Kabula kapima pembe,
tumbo kaliacha wapi?
Kabula kapima pembe,
tumbo kaliacha wapi?

Wimbo huo, mwanangu, uliimbwa kwenye harusi yangu. Uliimbwa nilipomzaa baba yako. Mpaka leo nikiingia sokoni Igunga kuna wazee wananiita Mama Pembe, nawe ulidhani ni jina la ukoo!

Nilifanya kazi yote ile kwa mkono wa kushoto. Mtu akiniuliza, nasema kanga inanidondoka nimeishika.

Alasiri tukaanza upya. Ng'ombe waliingia taratibu, hakuna kupiga kelele, hakuna fimbo, Mzee Kulwa akitembea tu kandokando yao kutoka mbele kurudi nyuma, nao wanasogea mbele wenyewe. Sukari aliingia, akachomwa, akataka kugeuka, akakuta hapageuziki, akatulia akaanza kucheua. Looo! Nilitamani kumbusu.

Wa mwisho alikuwa Bwana Harusi. Alifika mdomoni mwa kibanio akasimama. Akakitazama kile kitu, akashusha pumzi, akainamisha kichwa upande, akaingiza pembe moja, akalaza shingo, akaingiza ya pili, akaingia kwa mwendo wake ule ule wa kusubiri vigelegele. Akavipata! Kina mama walipiga vigelegele mpaka punda wa jirani wakaanza kulia.

Jua lilikuwa limekaribia mstari wa mbuga. Baba akaitisha watu pale kwenye birika. Akainuka kwa shida, akauliza kwa sauti ya nguvu, "Ng'ombe wote wazima?"

"Wazima!"

"Watu wote wazima?"

"Wazima!" Wote waliitika, isipokuwa watu wawili. Mzee Kulwa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Baba alikuwa anatabasamu. Baba yangu, mwanangu, hakuwa mtu wa kutabasamu. Akainyoosha fimbo kwangu, ile fimbo ya mpingo iliyokuwa ya babu yake, mpini umeng'aa kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. "Kabula, njoo upokee."

Nikaenda. Nikanyoosha mkono wa kushoto.

Unajua kwetu mkono wa kushoto hupokei kitu cha mzazi. Hata sahani ya ugali hupokei. Watu waliguna. Mama alipaza sauti, "We Kabula! Una wazimu?" Na baba lile tabasamu likamwondoka usoni polepole, akabaki ameishika ile fimbo hewani, mzee wa watu, mguu unamuuma, binti yake anamtukana mbele ya majirani. Nilikuwa radhi kukosa ranchi, lakini ule uso wa baba sikuweza kuutazama. Nikaitoa ile kanga. Ilikuwa imegandamana na jeraha, nikaivuta tu. Nikamfungulia kiganja.

"Baba, mtu aliyeumia ni mimi. Asubuhi. Nilizungusha kamba mkononi."

Baba akairudisha fimbo kifuani pake. Akaagiza maji ya uvuguvugu na chumvi, akakaa, akakiosha kiganja changu yeye mwenyewe, mbele ya watu wote. Nililia, lakini si kwa chumvi. Nililia kwa sababu alikuwa anakipuliza kama nilipokuwa mtoto.

Akamaliza. Akauliza, "Nilisema nini, Kabula?"

"Ulisema akiumia hata mmoja, unamwita kaka Nkwabi."

"Basi neno langu ndilo hilo. Nitamwita Nkwabi." Akakohoa, akawatazama watu mmoja mmoja. "Ila nyote mlikuwapo. Mimi nilisema nitamwita. Nilisema nitamwita lini?"

Mzee Kulwa akainua kichwa. "Hukusema, bwana."

"Sikusema. Nami ni mzee, mguu unaniuma, Lusu ni mbali. Na mpaka nimwite, hawa ng'ombe atawashika nani?" Akauchukua mkono wangu wa kushoto, huo huo wa matusi, akaiweka fimbo ndani yake, akavifunga vidole vyangu kwa mkono wake. "Leo shika kwa huu. Mimi ndiye niliyekupa, asikulaumu mtu."

Mwanangu, sijawahi kufurahi namna ile, si siku ya harusi wala siku yoyote nyingine. Watu walipiga makofi, sufuria za wali zikafunguliwa, na ule wimbo wa pembe ukaanza tena kwa sauti tatu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila akiniona nafanya haraka, nasahau komeo, napitisha mkono kati ya fito kumsukuma ng'ombe, alikuwa anapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Kabula! Nimwite Nkwabi?" Nami nautoa mkono mbio. Na Nkwabi mwenyewe, aliposimuliwa habari hii, alicheka mpaka akajifunga tumbo kwa kitambaa. Sasa ni babu kama nilivyo bibi, bado yuko Lusu, na kila Krismasi ananipigia simu: "Dada Kabula, shamba langu limebaki bila kulimwa, nasubiri. Bado sijaitwa?" Namwambia subiri, kaka, bado.

Haya. Sasa nirudi kwenye ile picha yako ya bluu.

Usikinunue kwa picha, Shija. Nenda ukakiguse. Chukua kamba, umpime ng'ombe wako mnene kuliko wote tumboni, halafu umpime mtamba wako mwembamba, ndipo ukapime hicho kibanio. Wale muuzaji aliowapiga picha nacho ni ng'ombe wakubwa wa maziwa wa nchi za baridi, nimewaona, mmoja wao ni sawa na wangu wawili. Wa kwako watageuka humo ndani kama Sukari. Muulize kama kuta zinasogezwa, kama chini panabana kuliko juu. Akikosa jibu, muage kwa heshima uondoke.

Ulipitishe hilo komeo kwa mkono mmoja, ukiwa umefumba macho, maana siku ya vurugu vumbi litakufumba. Likikataa, au likikaa nusu nusu, hata kama rangi yake inakupendeza, si lako. Sikiliza pia sauti. Chuma kinachopiga kelele kinawatisha ng'ombe, funga mpira pale panapogongana. Pitisha kiganja kila mahali kama Mzee Kulwa. Hakikisha pana upenyo wa kukimbilia, na usiruhusu mtu aweke hata kiti hapo. Usisimame mahali lango litakapofikia likifunguka kwa nguvu. Usipitishe mkono wala gogo katikati ya fito nyuma ya ng'ombe anayerudi. Na kamba, mwanangu, kamba ishike kwa kiganja wazi, tayari kuiacha. Ng'ombe akienda atarudi jioni akiona kiu.

Kuna la mwisho, nalo halinunuliwi kwa fundi. Mtu mzee kazini kwako akifungua mdomo, mwache amalize. Na ukikosea, sema mapema, mkono ukiwa bado haujagandamana na kanga. Mimi nilificha kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na nakuapia, maumivu ya kuficha yalizidi ya kamba.

Mungu akubariki, mtoto wa mwanangu. Mitamba yako izae majike, maziwa yafurike vibuyu, na kila utakayemwajiri arudi kwao jioni na vidole vyake kumi. Fimbo ya mpingo iko hapa nyuma ya mlango, inakusubiri. Kibanio chako kikisimama, na chanjo ya kwanza ikiisha, njoo uichukue. Sitakuuliza ng'ombe wangapi walichanjwa. Nitakwambia kwanza unionyeshe viganja vyote viwili. Nikiona hata mkwaruzo, nampigia simu Nkwabi.